Nani Aliiba Watazamaji wa Mokhele?

Phoka Letuka aliuawa Ijumaa mchana nyumbani kwake Ha Mpalipali, kwa kupigwa fimbo kisogoni. Aliyemkuta ni Khethisa Ralebese, mtangazaji mwenzake wa redio, na tangu alipouona mwili, Khethisa alijua kwamba zamu inayofuata ni yake.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, jua bado liko juu ya mlima. Phoka alikuwa amelala kifudifudi ndani ya zizi lake la mawe, amefunikwa blanketi la kahawia kuanzia kichwani hadi magotini. Viatu vilitokeza. Khethisa alivitambua kabla hajafunua kitu, maana walivinunua pamoja Maputsoe. Mbele ya mlango wa nyumba kulikuwa na vigoda viwili na vikombe viwili vya motoho, uji mchachu ambao kila nyumba ya Wasotho humpa mgeni. Kimoja kilikuwa kimekwisha. Cha pili kilikuwa nusu, na nzi walikuwa wanaogelea ndani.

Hakupiga kelele. Alirudi kwenye gari la redio, akafunga milango yote, akapandisha vioo, ndipo akapiga simu polisi. Alikosea namba mara mbili.

Katika mji ule blanketi la kahawia lilikuwa na maana moja. Wapenzi wa famo, muziki wa kodiani na matusi, walikuwa wamegawanyika kambi mbili. Lithebe walivaa kahawia na mwimbaji wao alikuwa Tlali. Marumo walivaa buluu na mwimbaji wao alikuwa Mokhele. Zamani walishindana kwa kuimba. Siku hizi walishindana kwa video mtandaoni, nani katazamwa zaidi, na kazi ya Phoka ilikuwa kuhesabu. Kila Jumamosi saa sita mchana alisema redioni wimbo upi umetazamwa na watu wangapi. Hakuimba, hakupiga kodiani, hakuvaa rangi ya mtu. Alihesabu tu. Na katika mji ule watu walishawahi kuchomwa visu kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Wiki ile ilianza vibaya. Jumatano asubuhi wimbo wa Mokhele uliamka umepungukiwa watazamaji laki mbili. Jana yake walikuwepo, leo hawapo. Wiki hiyo hiyo wimbo wa Tlali ulikuwa umepanda. Marumo hawakuhitaji hesabu nyingine. Ng'ombe wametoka zizi hili, wamenenepa kwenye zizi lile, basi wameibwa.

Alhamisi Mokhele mwenyewe alikuja redioni. Mtu mnene, fimbo mkononi, blanketi la buluu limebanwa begani kwa pini kubwa. Nyuma yake alikuja Seabata, fundi simu, ambaye ndiye aliyempandishia video zake mtandaoni. Khethisa alimjua Seabata tangu shule ya msingi. Walichunga pamoja, walichapwa pamoja.

“Ntate Phoka,” Mokhele alisema, akimwita mzee kwa heshima, bila kukaa. “Unajua sheria ya nyayo.”

“Naijua, Ntate.”

“Nyayo za ng'ombe wangu zikiingia kijijini kwako, unanionyesha zilipotokea. Ukishindwa, wewe ndiye mwizi. Watazamaji wangu wamepita mikononi mwako. Nionyeshe walikokwenda.”

Khethisa alitaka kucheka, akaitazama ile fimbo, akaacha. Phoka hakutaka kucheka hata kidogo. Alifikiri, kisha akasema, “Nitakuonyesha nyayo, Ntate. Jumamosi, hewani, kila mtu asikie.”

“Jumamosi,” Mokhele alikubali.

Seabata alikuwa anakuna shingo.

Walipoondoka, Phoka alifunga mlango. “Khethisa, ng'ombe wa kweli hulala. Watazame hawa wa Tlali: usiku wa manane wamelala, mchana wanachungulia, jioni wachimba migodi wakitoka kazini wanajaa. Sasa watazame wa Mokhele. Usiku wa manane elfu mbili kwa saa. Mchana elfu mbili kwa saa. Jumapili watu wakiwa kanisani, elfu mbili.”

“Maana yake nini?”

“Jumamosi utasikia kama watu wengine.”

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa Khethisa. Ijumaa alibaki nyumbani kujiandaa, mkewe akaenda mjini kwenye chama chao cha mazishi. Khethisa ndiye aliyeshika zamu. Kila saa alifungua kompyuta ya studio, akasoma hesabu za nyimbo zote mbili hewani, na watu walisubiri kama wanasubiri mpira.

Saa saba: Mokhele laki tatu na elfu kumi na sita, Tlali laki tatu na ishirini na tisa. Saa nane: Mokhele laki tatu na kumi na nane, Tlali laki tatu na thelathini na moja. Saa tisa: Mokhele kumi na nane vilevile, Tlali thelathini na tatu. Saa kumi Tlali alikuwa amefika thelathini na sita, Mokhele yuko palepale. Ndipo Khethisa, kwa ule mdomo ambao mama yake alimwambia utamzika, akasema hewani: “Jamani Marumo, leo mmelala? Mmekunywa nini?”

Saa kumi na moja Mokhele bado alikuwa kumi na nane. Saa kumi na mbili akawa ishirini. Lakini kabla ya hapo simu ya studio ilikuwa imelia, na sauti ya mwanamume ikasema polepole, “Wewe uliyecheka. Kesho hutacheka.” Khethisa alisoma hesabu ya mwisho, akaamua aende kwa Phoka akamuulize afanye nini. Akakuta viatu.

*

Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa kituo cha polisi. Hakuwa amelala. Usiku mkewe alikuwa amefunga nguo za watoto kwenye shuka. “Mimi naenda kwa mama,” alimwambia. “Wewe baki na kodiani zako.” Khethisa hakumlaumu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Yeye mwenyewe angekimbia, lakini bosi wa redio alishampigia simu: Phoka hayupo, saa sita utasoma wewe. Marumo walishapeleka ujumbe: ukisoma kwamba tumeshindwa, chonga jeneza. Lithebe nao: usiposoma kwamba tumeshinda, tutajua umenunuliwa. Asiposoma kabisa, wote wangemfuata.

Sajini 'Masechaba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa zamani, alimsogezea kikombe cha chai. “Kunywa. Ukizirai sina mtu wa kukubeba.”

“'M'e, mama yangu, saa sita nasoma.”

“Najua. Kwa hiyo tuna asubuhi moja.” Alilitandaza blanketi la kahawia juu ya meza. “Lione. Unaona nini?”

“Naona Lithebe.”

“Unaona rangi. Mimi nimeolewa na mwanamume wa mlimani, kila mwaka nashona blanketi lake hapa.” Aligusa upande wa bega la kulia. “Mwanamume akivaa blanketi, anabana pini hapa. Wiki mbili tu, kuna tundu. Mwaka mmoja, kidole kinapita. Hili halina hata alama. Halijavaliwa na mtu.”

Khethisa aliinama akatazama. Kitambaa kilikuwa kizima.

“Limenunuliwa ili liachwe,” sajini alisema. “Lakini wewe na mimi tunajua, mji mzima umeona rangi, haukuona tundu. Twende kwa Tlali.”

Tlali alikuwa mahabusu tangu usiku. Kijana mwembamba, macho mekundu, amevuliwa mkanda na kamba za viatu. Alipomwona Khethisa alisimama.

“Mtu wa redio! Waambie! Jana mimi nilikuwa harusini Thabana, nimeimba kuanzia saa sita hadi jua linazama. Watu mia mbili wameniona. Bibi harusi mwenyewe kanikanyaga kidole!”

“Na watu wako?” sajini aliuliza.

“Watu wangu walikuwa wanakula ng'ombe wa bure. Utamtoa nani pale akaue mtu? Na kwa nini? Sisi tulikuwa tunashinda, 'M'e! Mtu anayeshinda hamuui anayehesabu.”

“Blanketi lako liko wapi?”

“Nimelala nalo hapa, ulize askari wako. Kwetu mtu ana blanketi moja. Ukiliacha ugenini umeacha jina lako.” Akasogea karibu naye. “'M'e, ni kweli wamechoma kwa mdogo wangu?”

Khethisa alikuwa anasikia hilo kwa mara ya kwanza. “Nani kachoma?”

“Alfajiri,” sajini alisema. “Marumo. Walisikia kuhusu blanketi, wakasema Lithebe wameua mtu wa watu, wakaenda kwa mdogo wake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.”

“Mkewe?” Tlali aliuliza.

“Wote wawili, mwanangu.”

Tlali alikaa sakafuni. Hakulia. Alianza kuhema kama mtu anayepanda mlima, na Khethisa akageuza uso, maana aliona jinsi jambo litakavyokwenda: Lithebe watachoma, Marumo watachoma, na katikati ya moto kutakuwa na mtu mmoja mwenye kipaza sauti.

*

Nje ya kituo Seabata alikuwa ameegemea gari lake dogo, kofia mkononi.

“Abuti Khethisa, kaka yangu! Nimekutafuta kwako, mlango umefungwa. Pole, ndugu yangu. Phoka alikuwa mtu.”

“Asante.”

“Sikiliza, mimi nakupenda. Leo usisome. Sema mitambo imekufa. Nitakuja mwenyewe nichomoe waya, nani atajua?”

Khethisa alihisi machozi yanamjia. Tangu jana ni mtu wa kwanza aliyemwonea huruma. “Utafanya hivyo?”

“Saa tano nipo pale. Wewe na mimi tumetoka mbali.”

Sajini aliwasha gari. “Huyo ni nani?” aliuliza walipoondoka.

“Rafiki. Ndiye anayeshughulikia video za Mokhele.”

“Mh,” alisema sajini, akabadilisha gia.

Mokhele walimkuta kwa chifu, ameketi kwenye benchi la washtaki, fimbo katikati ya magoti, kana kwamba hakuondoka tangu jana. Na kweli karibu hakuondoka. Mwandishi wa chifu alithibitisha: Ijumaa yote mchana Mokhele alikuwa hapo, akifungua kesi ya wizi.

“Wizi wa nini?” sajini aliuliza.

“Wa watazamaji,” alisema mwandishi, uso mkavu. “Laki mbili. Chifu aliuliza kama wana alama masikioni.”

“Cheka,” Mokhele alinguruma. “Wewe hujaibiwa.”

“Ntate Mokhele,” sajini alisema, “Alhamisi ulikwenda kwa marehemu na fimbo.”

“Nilikwenda na fimbo kwa sababu mimi ni mwanamume na nina goti bovu.”

“Ulimtishia.”

“Nilimdai nyayo! 'M'e, wewe ni Msotho au umeokotwa? Mtu unayemdai nyayo unamlinda kama yai. Akifa kabla hajazionyesha, kesi yako imekufa naye. Jumatatu alikuwa asimame hapa mbele ya chifu awe shahidi wangu. Wangu! Sasa nina nini? Sina ng'ombe, sina nyayo, sina shahidi.”

Alipiga fimbo chini. Khethisa aliruka. Mokhele akamtazama. “Na wewe ndiye uliyetucheka jana.”

“Nilikuwa nafanya utani, Ntate.”

“Vijana wangu hawajui utani. Nimewaambia wakuache hadi saa sita. Baada ya hapo siwezi kuwashika.”

Khethisa akasema neno la kwanza lililomjia, kwa woga tu, ili yule mzee aendelee kuongea asimtazame vile. “Lakini wanarudi, sivyo? Watazamaji wako. Wamekuwa wakipanda tena.”

“Wanarudi,” Mokhele alisema, na kwa mara ya kwanza uso ukalegea. “Seabata ananiambia. Elfu mbili kila saa, usiku na mchana, hawalali wale. Wananipenda. Jana tu ndiyo walipumzika.”

Khethisa alisikia sauti ya Phoka nyuma ya mlango uliofungwa. Ng'ombe wa kweli hulala.

“'M'e,” alisema polepole, “naomba tutoke nje.”

Walisimama kando ya ukuta. Aliongea haraka, akijikwaa. “Wale siyo watu. Phoka aliniambia, mimi sikuelewa. Watu hulala, huenda kanisani, hula. Hawa wanakwenda mwendo mmoja saa zote. Kuna mtu ana simu nyingi mahali, anazichunga. Simu ikicheza video muda mrefu inasimama, inauliza kama bado upo, lazima kidole kiiguse. Mchungaji asipokuwepo, zinasimama zote.”

“Na Jumatano laki mbili zikapotea.”

“Hazikuibwa! Wenye mtandao walizigundua za uongo, wakazifuta. Hilo ndilo Phoka alitaka kusema leo.”

“Endelea.”

“Jana zilisimama. Nilisoma mwenyewe hewani, mji mzima umesikia. Saa nane kumi na nane. Saa tisa kumi na nane. Saa kumi, saa kumi na moja, kumi na nane! Nikacheka. 'M'e, nilikuwa natangaza saa za mauaji na ninacheka.”

Sajini alitazama mlima uliokuwa kati ya mji na Ha Mpalipali. “Kwa miguu, kupitia korongoni ili usionekane barabarani?”

“Saa moja na kitu kwenda. Kama hiyo kurudi.”

“Na muda wa kunywa motoho,” alisema sajini. “Mgeni aliyekaribishwa kigoda.”

Khethisa alijua jina tayari. Hakutaka kulisema, na alipolisema lilitoka kama kikohozi.

*

Duka la Seabata lilikuwa kwenye njia ya soko, chumba kimoja mbele na mlango wa bati nyuma. Ilikuwa saa nne na nusu. Sajini alimwacha askari mmoja nje. Mokhele alikuwa amewafuata. Sajini alimwambia arudi, mzee akasema goti lake ndilo linaloamua, akaingia.

Seabata alikuwa anachomelea simu. Alipowaona wote watatu aliweka chini chombo chake kwa uangalifu sana.

“Karibuni. Abuti, bado saa tano.”

“Jana mchana ulikuwa wapi?” sajini aliuliza.

“Hapahapa. Kutoka asubuhi hadi kufunga. Sikutoka hata kukojoa.”

“Nani alikuona?”

“Wateja. Siwakumbuki, 'M'e, mimi nakumbuka simu, sikumbuki sura.” Alitabasamu. Hakuna aliyetabasamu naye.

“Basi mbona simu zako zilisimama?” Khethisa aliuliza.

“Zipi?”

“Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Wimbo wa Mokhele haukuongeza hata elfu moja.”

“Mtandao, ndugu yangu. Unajua mtandao wa hapa.”

“Tlali alipanda saa hizohizo. Mtandao ni mmoja.”

“Umeme basi.”

“Redio ilikuwa hewani. Wewe na sisi tuko nguzo moja.”

Seabata alitupa jicho kwenye mlango wa nyuma. Ndipo wakasikia. Nyuma ya mlango wa bati kulikuwa na sauti ndogo sana, kama nyuki ndani ya ukuta. Ukisikiliza vizuri ilikuwa kodiani. Siyo moja. Nyingi mno, zote wimbo mmoja, hakuna inayokwenda sawa na mwenzake. Moja inaanza, nyingine iko katikati, nyingine inamaliza, na sauti ya Mokhele imekatwakatwa ndani yake, inaita, inaita, inaita.

Mokhele ndiye aliyeusukuma mlango.

Hakukuwa na dirisha. Rafu tatu za mbao, na juu yake simu zaidi ya arobaini zimepangwa kama mikate, kila moja na waya wake, kila moja ikiwaka uso wa Mokhele. Joto lilikuwa la tanuri. Kwenye kona, juu ya msumari, lilining'inia karatasi la dukani la kufungia blanketi, kipande cha nembo bado kipo.

Sajini alilitoa msumarini, akalikunja, akaliweka mfukoni.

“Wangapi walikuwa watu?” Mokhele aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

“Ntate, naomba unisikilize…”

“Wangapi, Seabata?”

“Elfu sitini. Sitini na kidogo.”

“Katika laki tano, ukihesabu na waliopotea?”

“Wimbo wa kwanza ulipotoka ulinipigia kila saa,” Seabata alisema, na sasa maneno yalimtoka yote kwa pamoja. “Unakumbuka? Wangapi, Seabata? Nikasema mia tatu, ukatupa simu ukutani. Vijana wako wakaniuliza kama nimeuficha wimbo wako makusudi. Nikawasha simu tano, ili upoe tu. Ukafurahi. Ukachinja kondoo. Ningezima vipi? Nikaongeza. Ukiniona nimenenepa niambie! Nalala hapa sakafuni, naamka kuzigusa, mke wangu ameondoka. Halafu Jumatano wakazifuta, nikakwambia zimeibwa, maana ningesema nini?”

“Na Phoka?” sajini aliuliza.

“Nilikwenda kumwomba. Naapa. Nilimwambia usiseme, wataniua. Akanipa motoho. Akasema, Seabata, uongo huu utaua watu wengi, afadhali aibu yako moja. Akainuka kunionyesha zizi, akasema hata yeye wazee wake walipoteza ng'ombe wakaishi. Akanipa mgongo.”

“Ulikwenda kuomba na blanketi jipya la kahawia chini ya mkono,” alisema sajini.

Seabata alitazama msumari mtupu kwenye kona.

Khethisa alimtazama yule mtu aliyechunga naye. “Mlinichoma moyo leo asubuhi, wewe na huruma yako. Wewe ndiye uliyenipigia jana studio?”

“Siyo mimi. Hao ni vijana. Mimi nilitaka usisome tu, abuti. Usiposoma, hakuna atakayejua, wewe unabaki, mimi nabaki.”

“Na mdogo wake Tlali?”

“Sikujua watachoma. Nilidhani watapigana ngumi.”

Mokhele aligeuka. Khethisa aliona ile fimbo inapanda, akajibana ukutani, lakini mzee aliitumia kuegemea tu. Alizitazama simu zake zote zinazomwimba. Kisha akamwambia sajini, “Mchukue sasa hivi. Pita njia ya nyuma. Vijana wangu wako barabarani na kuna mtu atakuwa amewaambia. Mimi sitawazuia, na wala hawatanisikiliza.”

Seabata alinyosha mikono mwenyewe afungwe pingu. “Haraka, 'M'e,” alisema. “Tafadhali, haraka.”

*

Saa sita mchana Khethisa alisoma. Bosi wake alimwambia anaweza kukataa, yeye akasema Tlali bado yuko mahabusu na Lithebe wanajaza petroli kwenye chupa. Kama mji hausikii sasa, hautasikia kesho. Sauti ilimtetemeka mwanzo hadi mwisho na hakujaribu kuificha. Alisema wimbo wa Tlali umetazamwa mara laki tatu na sabini na nne. Alisema wimbo wa Mokhele umetazamwa na watu elfu sitini, waliobaki wote ni simu, akaeleza simu ziko wapi na nani alizichunga, na kwamba blanketi la kahawia halikuwa la Lithebe hata mmoja. Alikuwa anataja jina la Phoka wakati jiwe lilipopita dirishani.

Lithebe hawakuchoma. Zile chupa polisi walizikuta zimemwagwa kwenye mtaro.

Gharama yake ni hii. Phoka Letuka, miaka arobaini na saba. Ameacha mjane na mabinti wawili. Mdogo wake Tlali na mkewe, ndani ya nyumba iliyofungwa kwa nje. Seabata alihukumiwa miaka thelathini. Alitumikia minne, akakutwa amekufa gerezani, katika jengo walilokuwemo Marumo sita. Mokhele hajaimba tena, na wimbo wake, watu waliposikia habari zake, walikwenda kuutazama wenyewe, milioni moja na zaidi. Kipindi cha Jumamosi kimefutwa. Jicho la kushoto la Khethisa halioni. Anaishi Qacha's Nek, anauza mbegu, na mkewe na watoto wako kwa mama yake mpaka leo.